Kalamu nane za Arusha: chama kidogo kinavyoweza kusukuma jambo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki

SWALI: Sisi ni umoja wa wanawake tunaofanya biashara ya nafaka, dagaa na ndizi kati ya Sirari na Isebania. Cheti cha uasili kilichorahisishwa kinatusaidia kuvusha mizigo bila ushuru wa forodha, lakini kikomo chake cha dola 2,000 za Marekani hakitutoshi tena. Tunataka kipandishwe hadi dola 5,000. Tunataka pia Bunge la Afrika Mashariki litunge sheria ya kuwatambua wafanyabiashara wadogo wa mipakani. Tumeshauriwa tukodi basi twende Arusha tukaonane na wabunge. Fedha yetu ni ya kuungaunga. Tuanzie wapi?
Mwenyekiti wa umoja, Sirari

JIBU: Mwenyekiti, hilo basi lisubiri kwanza. Mmeomba vitu viwili ambavyo havikai nyumba moja. Kikomo cha dola 2,000 kimo kwenye kanuni za uasili wa bidhaa, na mwenye mamlaka ya kuzigusa ni Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Sheria ya kuwatambua ndiyo kazi ya Bunge. Mkimpelekea mbunge lile ombi la kwanza atawapokea kwa heshima, mtapiga picha ya pamoja, kisha hatakuwa na la kufanya zaidi ya kuliuliza Baraza swali. Vyama vingi humaliza nauli kwenye mlango usio wake.

Miongozo mingi ya uchechemuzi, yaani kazi ya kuwashawishi watunga sera, inayozunguka huku kwetu imeandikwa kwa kuitazama Brussels. Kule Bunge la Ulaya huchaguliwa na wananchi moja kwa moja na lina nguvu ya kurekebisha rasimu hata kuikataa, kwa hiyo kumfuata mbunge ni kazi yenye tija. Arusha haiko hivyo. Mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki (EALA) huchaguliwa na Bunge la nchi yake, tisa kwa kila nchi, na hapaswi kuwa mbunge wa Bunge hilo lililomchagua (ibara ya 50 ya Mkataba wa kuanzisha Jumuiya). Kwa nchi nane hivyo ni viti 72 vya kuchaguliwa. Juu yao wapo wanaoingia kwa nyadhifa: mawaziri wa masuala ya Jumuiya, Katibu Mkuu na Mwanasheria wa Jumuiya. Mpiga kura wa mbunge huyo, basi, si wewe uliye Sirari. Ni mbunge wenu wa jimbo aliyeko Dodoma. Ukitaka mbunge wa EALA akupigie simu yeye, mtume mbunge wa jimbo amuulize.

Na hata Bunge likipitisha muswada, hauwi sheria mpaka Wakuu wa Nchi wauridhie, wote. Ibara ya 63 inatoa miezi mitatu. Ikipita bila ridhaa, muswada hurudishwa bungeni pamoja na sababu. Bunge likiupitisha tena na kuupeleka upya, Mkuu wa Nchi mmoja tu akikataa, muswada umekufa. Baraza la Mawaziri nalo, kwa mambo mazito, huamua kwa maafikiano, na kwa vitendo nchi moja ikisema "tunaomba muda wa kushauriana nyumbani" agenda huhamia kikao kijacho. Ndiyo maana tunasema mhesabu kurudi nyuma, mkianzia kwenye kalamu nane za mwisho. Kila mnachofanya kipimwe kwa swali moja: kinaisogeza kalamu ipi?

Sasa tuanze na kikomo, kwa sababu hicho mnaweza kukipata.

Kabla ya barua yoyote, fungueni daftari. Kwa wiki nane hadi kumi na mbili, kila mwanachama aandike kwa kila safari: tarehe, bidhaa, kilo, bei ya kununulia, thamani ya mzigo wote, kama alitumia cheti au la, muda aliosubiri, na kila shilingi aliyolipa. Malipo yenye risiti yawe na safu yake na yasiyo na risiti yake. Andikeni pia ofisi iliyolipwa, si jina la mtumishi. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayowatofautisha na kundi jingine lolote lenye malalamiko.

Sababu ni kwamba wataalamu wa forodha watawauliza swali moja la hesabu: ni mizigo mingapi yenu iko kati ya dola 2,000 na 5,000? Chukulieni maharage ya dola moja kwa kilo. Dola 2,000 ni magunia ishirini ya kilo mia. Kama daftari linaonyesha wengi wenu huvusha magunia manane, basi kikomo si tatizo lenu. Tatizo linaweza kuwa orodha ya bidhaa zinazokubaliwa, kwa maana cheti hiki hufanya kazi kwa bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja tu, au ni vibali vingine kabisa. Cheti kinaondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Hakiondoi kibali cha afya ya mimea, hakiondoi matakwa ya viwango, wala hakigusi ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri. Tusishangae daftari likionyesha nusu ya kero hazina uhusiano wowote na Arusha. Hizo ziandikieni barua yake kwa halmashauri, kwa mamlaka ya mapato na kwa wizara husika, na msizichanganye na ombi la kikomo. Iwapo kero ni ya upande mmoja kuwawekea wa pili kikwazo kisicho cha kiushuru, kila nchi ina kamati ya taifa ya kufuatilia vikwazo hivyo, na ipo sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017 ya kuviondoa. Hapo hamhitaji kanuni mpya, mnahitaji kuripoti.

Tuchukulie hesabu imekubali. Hatua ya pili ni andiko la kurasa mbili, si zaidi, na liwe la Kiingereza. Linauma, lakini ibara ya 137 iliandikwa ikikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana, na hata baada ya Wakuu wa Nchi kukubali mwaka 2021 kwamba Kiswahili na Kifaransa nazo ziwe lugha rasmi, taarifa za vikao huandikwa kwa Kiingereza. Andiko la Kiswahili litasubiri mtu wa kulitafsiri, na huyo mtu hayupo. Aya ya kwanza iwe ombi lenyewe, kwa maneno ambayo mwandishi wa taarifa ya kikao anaweza kuyanakili kama yalivyo: kwamba Baraza liamue kikomo kiwe kiasi fulani, kuanzia tarehe fulani, na liagize Sekretarieti na mamlaka za mapato kufanya jambo fulani kabla ya siku fulani. Ombi moja tu. Andiko lenye maombi saba humpa afisa nafasi ya kuwapa lile jepesi kuliko yote na kuandika kwamba mmeshughulikiwa.

Ukurasa wa pili ujibu pingamizi kabla halijatamkwa. Yapo matatu, na yanajulikana. La kwanza, mapato ya serikali: jibuni kwa takwimu za daftari, mkionyesha kwamba bidhaa zenu zina asili ya Jumuiya na hazidaiwi ushuru wa forodha hata zikipita kwa cheti cha kawaida, ila zinapotea njia za panya kwa sababu cheti hicho kinahitaji wakala na siku. La pili, wafanyabiashara wakubwa kugawa shehena vipande vipande ili wajifanye wadogo: pendekezeni kinga, kwa mfano cheti kimoja kwa mtu kwa siku. La tatu ndilo zito: bidhaa za nje ya Jumuiya, hasa mchele na sukari, kuvikwa nguo ya Afrika Mashariki. Hapa kuweni tayari kuacha kitu. Mkisema kikomo kipya kihusu mazao ya shambani na samaki pekee, na mchele ubaki kwenye kikomo cha zamani, mtakuwa mmemnyang'anya mpinzani hoja yake nzuri kuliko zote. Chama kinachoingia kwenye mazungumzo bila kujua kitakachokiachia hutoka bila kitu.

Hatua ya tatu ni mahali mambo yanapoamuliwa kweli, na watu wengi hupapita bila kuona. Suala lenu litapita Kamati ya Forodha au ya Biashara, kisha Baraza la Kisekta la Biashara, Viwanda, Fedha na Uwekezaji. Mkutano wa Baraza la Kisekta hukaa kwa ngazi: wataalamu kwanza, kisha makatibu wakuu wa wizara, halafu mawaziri, kwa kawaida siku zinazofuatana. Wataalamu ndio wanaokaa na rasimu ya taarifa kwenye skrini, mstari kwa mstari. Waziri akifika siku ya mwisho anakuta taarifa imeshaandikwa na yamebaki mabano machache ya mambo ambayo hayajaafikiwa. Ukimwona waziri hotelini siku hiyo umechelewa, hata akikukumbatia.

Mlengwa wenu, kwa hiyo, ni afisa wa Wizara ya Viwanda na Biashara na mwenzake wa forodha watakaokaa kwenye kikao cha wataalamu, na wakati wa kumwona ni wiki sita hivi kabla ya safari, wakati msimamo wa nchi unaandaliwa. Nakala iende Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, kwa kuwa ndiyo inayoratibu. Mwulizeni mambo mawili tu: kikao kijacho ni lini, na je, suala hili litakuwa kwenye agenda kwa jina la Tanzania? Jambo lisilo na nchi inayolibeba haliingii. Mtumishi huyu hana muda, hana takwimu za mpakani, na anaogopa kuulizwa swali mbele ya wenzake wa nchi saba. Mpeni majedwali yenu. Mkimrahisishia kazi atawatetea kwenye chumba ambacho ninyi hamtaingia.

Wakati huohuo, wenzenu wa Isebania wafanye jambo lilelile Nairobi, kwa andiko lilelile, tarakimu zilezile. Kenya ikilileta na Tanzania ikaliunga mkono, mmepita nusu ya mlima. Zilizobaki ni nchi sita, na hapo ndipo vyombo vya kikanda vinapolipa ada yake. Baraza la Biashara la Afrika Mashariki lina makao Arusha na lina hadhi ya mtazamaji, hivyo huingia kwenye vikao ambavyo chama cha Sirari hakitaalikwa. Shirikisho la Wakulima la Afrika Mashariki lina makao Nairobi. EASSI ya Kampala, asasi ya kutetea maendeleo ya wanawake, imefanya kazi ya wanawake wafanyabiashara wa mipakani kwa miaka mingi. Tahadhari moja: chombo kikubwa cha biashara kina wanachama wenye viwanda, na baadhi yao ndio watakaohofia kikomo kipya. Ulizeni mapema kama wataliunga mkono kwa maandishi. Wakisita, tafuteni chombo kingine kuliko kubebwa na anayevuta breki.

Ibara ya 127 inamtaka Katibu Mkuu aweke jukwaa la mashauriano na sekta binafsi, asasi za kiraia na makundi mengine yenye maslahi, na utaratibu wa mashauriano hayo ulipitishwa na Baraza mwaka 2012. Nendeni kwenye jukwaa hilo mkialikwa. Ni pazuri kupata namba za simu, na kauli ikiingia kwenye maazimio yake mnaweza kuinukuu baadaye. Msitegemee liwaamulie jambo.

Kuna kalenda nyingine inayowahusu kama siku moja mtataka kugusa viwango vya ushuru wenyewe na si kikomo cha cheti. Mwaka wa fedha wa Jumuiya huanza 1 Julai. Mawaziri wa fedha hukutana kabla ya bajeti, na mabadiliko ya Ushuru wa Pamoja (ule wa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya), misamaha na maombi ya nchi moja moja hutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya mwishoni mwa Juni. Wizara za fedha hukusanya maoni miezi mingi kabla ya hapo. Chama kinachoamka Mei kinajadili mwaka unaofuata. Ukubwa wa vita hivyo mnaweza kuupima kwa jambo moja: mawaziri walikubaliana Mei 2022 kwamba kiwango cha juu cha Ushuru wa Pamoja kiwe asilimia 35, kianze 1 Julai 2022, baada ya miaka ya kuvutana kati ya nchi zenye viwanda na zile zinazoagiza bidhaa.

Tuje kwenye sheria mnayoitaka. Hapa ushauri wetu ni mchungu: msianzie na muswada.

Njia ipo, hilo ni kweli. Ibara ya 59 inamruhusu mbunge yeyote kuleta muswada binafsi, na mwaka 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki, katika shauri lililofunguliwa na wabunge akiwemo Calist Mwatela, ililinda mamlaka hayo pale Baraza lilipotaka kujichukulia miswada iliyokuwa mikononi mwa Bunge. Mbunge huomba kwanza ridhaa ya Bunge kwa hoja, muswada unachapishwa kwenye Gazeti, unasomwa mara ya kwanza na kwenda kamati. Wenu ungekwenda Kamati ya Mawasiliano, Biashara na Uwekezaji. Kamati hukusanya maoni ya wadau katika nchi wanachama, inarudi na ripoti, muswada unasomwa mara ya pili, unapitiwa kifungu kwa kifungu na kamati ya Bunge zima, kisha mara ya tatu.

Mitego iko mingi. Ibara hiyohiyo ya 59 inazuia Bunge kuendelea na muswada wa mbunge unaotoza au kutumia fedha za Jumuiya. Vyama hupenda kuandika "kutaundwa tume" au "kutaundwa mfuko", na kifungu hicho kimoja kinatosha kuuzamisha muswada wote. Ukilazimika kuandika, tumieni vyombo vilivyopo: mamlaka za mapato, kamati za mpakani, dawati la taarifa. Mtego wa pili ni akidi: inahitajika nusu ya wabunge wa kuchaguliwa, na ndani yake angalau theluthi moja kutoka kila nchi, yaani watatu kati ya tisa. Ujumbe wa nchi moja ukibaki nje ya ukumbi, kikao kimekwisha, hata kama 60 wako ndani na wote wanawapenda. Kwa sababu hiyo msijaze wafuasi kwenye ujumbe wa nchi mbili. Ni heri wabunge wanne wanne katika kila ujumbe kuliko tisa wa Tanzania na tisa wa Kenya.

Mtego wa tatu ni muda. Bunge la sasa, la tano, lilianza Desemba 2022 na muda wake ni miaka mitano. Mwaka wa mwisho wa Bunge lolote, mbunge anayestahili kurudi yuko mbioni nyumbani kutafuta kura za wabunge wenzake wa chama, na miswada binafsi iliyo njiani huwa hatarini kuanza upya. Muswada wa afya ya uzazi ulioletwa Januari 2017 na Odette Nyiramilimo wa Rwanda haukumalizika katika Bunge la tatu. Ulirudi Bunge la nne ukakutana na upinzani wa viongozi wa dini, na makundi ya pande zote mbili yakajifunza kwamba kuchelewesha ni rahisi zaidi kuliko kupitisha. Kama siku moja mtakuwa upande wa kuzuia, kumbukeni hilo: anayezuia anahitaji nchi moja, anayejenga anahitaji nane.

Halafu yale majaliwa ya ridhaa. Muswada wa kuzuia na kudhibiti UKIMWI, uliochangiwa kwa karibu na asasi za kiraia, ulipitishwa na Bunge Aprili 2012. Kwa asasi zile huo haukuwa mwisho: ilibidi zigeuke na kuanza kufuatilia Ikulu moja baada ya nyingine, wakati huo zikiwa tano. Mwenye bajeti ya Arusha peke yake angekuwa ameshafilisika siku ya makofi. Tazameni pia plastiki. Muswada wa kudhibiti mifuko, uliosukumwa na Patricia Hajabakiga wa Rwanda, ulipingwa na wenye viwanda na ukakwama. Lakini Rwanda ilishapiga marufuku mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania 1 Juni 2019, kila moja kwa sheria au kanuni zake. Waliotaka mifuko iondoke waliipata nyumbani kabla ya kuipata Arusha.

Na mfano wa mitumba mnaujua kwa mikono yenu, ingawa labda hamjautazama kwa jicho hili. Machi 2016 Wakuu wa Nchi waliazimia kuachana hatua kwa hatua na nguo na viatu vya mitumba ndani ya miaka mitatu hivi. Chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani, SMART, hakikuja Arusha kubembeleza mtu. Mwaka 2017 kilipeleka ombi kwa Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, kikitaka nchi hizi ziangaliwe upya katika mpango wa AGOA, ulioruhusu bidhaa zao kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikafuata, Rwanda ikashikilia msimamo na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu ya AGOA kwa mavazi. Azimio la ngazi ya juu kabisa ya Jumuiya likavunjwa na waliotafuta nchi moja moja yenye cha kupoteza. Mtu anaweza kuchukia matokeo hayo na bado akajifunza ramani yake.

Badala ya muswada, Bunge lina vitu vitatu vya bei nafuu. Kuna swali kwa Baraza: mbunge anauliza, waziri anatakiwa kujibu, na jibu linaingia kwenye kumbukumbu rasmi. Swali zuri kwenu lingekuwa: ni lini mara ya mwisho kikomo cha dola 2,000 kilipitiwa, na kwa takwimu zipi? Kuna hoja inayozaa azimio, ambalo haliibani serikali lakini linampa afisa wa wizara karatasi ya kushika. Na kuna ombi rasmi la wananchi, linalopelekwa kwa Spika na kwenda kamati, ambalo huweza kuileta kamati mpakani. Kamati ikija Sirari, msiandae ngoma na hotuba za saa mbili. Waongozeni kwenye njia ya mzigo mmoja, tangu unaposhushwa hadi unapovuka, saa mkononi. Wakiona dirisha lenye foleni watauliza maswali ambayo ninyi hamkuthubutu kuuliza.

Fedha mgawanye hivi: kati ya kila shilingi kumi, mbili ziende kwenye daftari na uchambuzi wake, tano Dodoma na Nairobi, moja na nusu kwa washirika wa nchi nyingine, moja na nusu Arusha. Watu wawili wanaojua takwimu kwa kichwa wanatosha kusafiri. Basi zima la watu hamsini ni la siku ya kushukuru, kama ipo. Na mtaombwa "posho" au kudokezwa bahasha. Kulipia ukumbi, chai na nakala za mkutano wenu wenyewe kwa mwaliko wa maandishi na risiti ni jambo moja. Kumlipa mtumishi ili aingize jambo kwenye agenda ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mpinzani wenu akilijua hatahitaji hoja nyingine.

Kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki? Si kwa hili. Hata hivyo ijueni saa yake. Ibara ya 30 inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupeleka shauri dhidi ya sheria au kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba, lakini ndani ya miezi miwili tangu kitendo kutokea, au tangu mlalamikaji alipokijua. Baraza la Habari Tanzania na wenzake walishinda Machi 2019 dhidi ya vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Asasi zilizopinga bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki zilifungua shauri Novemba 2020, na Novemba 2023 Divisheni ya Awali ikalitupa kwa kuwa muda ulikuwa umepita tangu mikataba iliposainiwa. Kwa hiyo siku mkinyimwa haki mpakani kwa amri ya maandishi, tarehe iliyo juu ya karatasi hiyo ndiyo mwanzo wa kuhesabu, si siku ya mkutano wenu mkuu.

Kuhusu vyombo vya habari, neno moja: vitumieni baada ya wizara kuwajibu au kukaa kimya kwa muda mliotaja kwenye barua. Mkianza na gazeti, afisa yuleyule mnayemhitaji atatumia wiki zile sita kuandaa utetezi.

Tuseme sasa mmepata: taarifa ya Baraza la Kisekta inasema kikomo kimepanda. Hapo ndipo vyama vingi hulala. Uamuzi unapaswa kutangazwa, kila mamlaka ya mapato iupeleke kwa vituo vyake kwa waraka wa ndani, na mfumo wa kompyuta wa forodha ubadilishwe ukubali tarakimu mpya. Kila hatua inaweza kukwama peke yake, na inaweza kukwama Isebania wakati Sirari imefanya kazi, kisha afisa wa zamu akawaambia kwa nia njema kabisa kwamba hajapokea kitu. Siku ya kuanza, watu wawili wawe dirishani, mmoja kila upande, wakiwa na mzigo halisi wa dola 3,000, cheti kilichojazwa na nakala ya uamuzi. Mzigo ukikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi na namba ya waraka unaotumika, andikeni saa, na jioni hiyohiyo vitumeni kwa yule afisa wa wizara aliyelibeba jambo lenu. Ukipokelewa, ombeni waraka ubandikwe kwenye dawati la taarifa, kwa Kiswahili, usawa wa macho ya mtu mwenye ndoo kichwani.